Tulichokificha ndicho kilichotuchelewesha: kuhama kutoka Dunfell hadi Scarthgap

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioacha masomo yenu ya leo ili kuja kutusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo katika fani yetu haina sifa nyingi, nayo ni kuuhamisha mfumo wa kujengea Linux ya vifaa, yaani mfumo wa uendeshaji unaowekwa ndani ya vifaa vidogo, kutoka toleo moja hadi jingine. Nitaieleza kwa mfano mmoja ambao nimeufanya kwa mikono yangu pamoja na wenzangu wawili, yaani kuhama kutoka toleo la Yocto liitwalo Dunfell, kupitia Kirkstone, hadi Scarthgap. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo kinachofungwa kando ya pampu ya maji, chenye prosesa ya ARM ya biti 32, ambacho husoma mtiririko wa maji na umeme unaotumiwa na pampu, kisha hutuma vipimo hivyo kwenye seva kupitia mtandao wa simu.

Kwa faida ya wanafunzi nianze na mfumo wenyewe. Yocto si Linux iliyokwisha kutengenezwa, kama Debian au Ubuntu, ambayo mtu huipakua na kuisakinisha. Ni karakana ya kutengenezea Linux yako mwenyewe. Ndani yake mna programu iitwayo BitBake, ambayo husoma maelekezo tunayoyaita resipi, na kila resipi hueleza msimbo wa programu fulani unapatikana wapi, unatiwa viraka gani vya marekebisho, unakompailiwa vipi, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na matokeo yake yanawekwa wapi. Resipi hizo hupangwa katika matabaka: chini kabisa lipo tabaka la msingi la OpenEmbedded, juu yake tabaka la mtengenezaji wa ubao wa kielektroniki, na juu ya yote tabaka lenu wenyewe lenye programu zenu na mabadiliko yenu. BitBake ikimaliza kazi hutoa imeji, yaani faili moja yenye mfumo mzima kuanzia kerneli, yaani kiini cha Linux, hadi programu yenu, nayo ndiyo huandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. OpenEmbedded ilianzishwa mwaka 2003, na Linux Foundation ikautangaza mradi wa Yocto mwaka 2010. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miezi sita, lakini ni machache tu yanayohudumiwa kwa muda mrefu, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa Dunfell, lililotoka Aprili 2020. Hapo awali liliahidiwa miaka miwili ya huduma, baadaye ikaongezwa hadi minne, na huduma hiyo ikakoma Aprili 2024. Kirkstone lilitoka Aprili 2022 na muda wake ulipangwa kuishia Aprili 2026. Scarthgap lilitoka Aprili 2024 na limepangiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2028.

Sisi tulianza na Dunfell, na kifaa kikafanya kazi, na kifaa kinachofanya kazi hakuna anayetaka kukigusa. Septemba 2023 OpenSSL 1.1.1, maktaba ya kusimba mawasiliano ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Dunfell, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa bure na waandishi wake. Miezi saba baadaye Dunfell lenyewe likafungwa. Kuanzia siku hiyo kila udhaifu wa kiusalama uliotangazwa katika mojawapo ya mamia ya programu zilizomo ndani ya kisanduku chetu ulikuwa juu yetu sisi watatu, kuutambua, kuutafutia kiraka na kukifanya kiraka hicho kikubaliane na msimbo wa zamani. Kwa wale kati yenu wanaotengeneza vifaa vitakavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, hali hii si suala la uungwana peke yake. Sheria yao ya ustahimilivu wa kimtandao ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024. Wajibu wa kuripoti udhaifu unaotumiwa na wahalifu unaanza tarehe 11 Septemba 2026, na masharti yake mengine makuu yanaanza tarehe 11 Desemba 2027. Mtengenezaji atatakiwa kuushughulikia udhaifu katika bidhaa yake kwa kipindi chote alichoahidi kuihudumia.

Neno langu kuu leo ni hili. Mabadiliko yaliyoletwa na mradi wa Yocto katika matoleo hayo yote yameandikwa, moja baada ya jingine, katika miongozo ya kuhamia, na kwa mengi kati yake mradi umetoa hati ndogo za Python, yaani programu fupi, zinazokufanyia sehemu kubwa ya kazi. Hayo hayakutuchelewesha sana. Kilichotuchelewesha kwa miezi ni mambo tuliyoyafanya sisi wenyewe ndani ya tabaka letu kwa miaka minne, kwa haraka, bila kuyaandika popote, tukitumaini kwamba hayataonekana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu aliyetuumbua alikuwa BitBake.

Aibu ya kwanza ilitukuta hata kabla hatujagusa toleo jipya. Tulikubaliana kwamba kwanza tutajenga upya imeji ileile ya Dunfell tuliyokuwa tukiisambaza, kwenye kompyuta safi, na saraka ya vipakuliwa ikiwa tupu, ili tupate kipimo cha kulinganishia. Imeji ilikataa kujengeka. Resipi zetu kadhaa zilikuwa zikichukua msimbo kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa itifaki ya zamani ya git isiyosimbwa, ambayo GitHub iliizima moja kwa moja tarehe 15 Machi 2022. Sisi hatukujua, kwa sababu kompyuta yetu ya kujengea ilikuwa na nakala za msimbo huo tangu zamani na haikuhitaji kwenda kuuomba tena. Resipi nyingine ilitegemea tawi la msimbo ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulibadilisha jina kutoka master kuwa main. Ya tatu ilitegemea faili iliyokuwa ndani ya kompyuta ya mkononi ya mwenzetu aliyekwisha kuhama kazi. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka miwili tulikuwa tunasambaza kitu ambacho, lau ile kompyuta moja ingeungua, tusingeweza kukitengeneza tena.

Wiki tatu za mwanzo basi hazikwenda kwenye toleo jipya hata kidogo. Tuliiweka Dunfell ndani ya kontena lenye Ubuntu ya zamani, kwa sababu haitaki kujengwa kwenye mifumo ya kisasa. Tuliweka seva yetu ndogo ya kuhifadhi nakala za msimbo wote tunaoutumia, tukaandika alama kamili ya toleo la kila msimbo badala ya kuiachia BitBake ichukue ulio mpya zaidi, na tukawasha huduma iitwayo buildhistory, ambayo huandika orodha ya vifurushi na ukubwa wa kila kimoja ndani ya imeji. Orodha hiyo ilitusaidia baadaye kuliko chombo kingine chochote, kwani imeji mpya ilipotoka tuliweza kuiweka kando ya ya zamani na kuuliza kwa nini kifurushi hiki kimetoweka na kile kimekuja kutoka wapi.

Swali lililofuata lilikuwa kama turuke kwa mkupuo mmoja hadi Scarthgap au tusimame kwanza Kirkstone. Mwenzangu mmoja alitaka mkupuo mmoja na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu kusimama njiani maana yake ni kupima mara mbili. Mimi nilisimamia hatua mbili, na bado nasimamia hivyo. Unapohama kutoka toleo la huduma ndefu hadi linalofuata, kosa likitokea unajua limetokea katika kipindi cha miaka miwili, na mwongozo wa kulitafutia ni mfupi. Ukiruka minne, kerneli, kompaila, maktaba ya C na sarufi ya resipi vyote vimebadilika kwa pamoja, na mhusika wa kosa hajulikani. Hata hivyo kusimama Kirkstone hakukuondolei wajibu wa kusoma miongozo ya matoleo madogo yaliyo katikati, yaani Gatesgarth, Hardknott na Honister kabla yake, kisha Langdale, Mickledore na Nanbield baada yake.

Ni katika Honister, la Oktoba 2021, ndimo lilimo badiliko ambalo kila mtu hulitaja kwanza. Katika BitBake, jina la kigeu, yaani jina linalobeba thamani fulani, huweza kutiwa kiambishi mwishoni ili kusema kwamba thamani hii iongezwe kwenye iliyopo, au kwamba itumike kwa ubao fulani tu. Zamani kiambishi hicho kilitenganishwa na jina kwa kistari cha chini, ukaandika SRC_URI_append. Sasa hutenganishwa kwa nukta pacha, ukaandika SRC_URI:append. Wako wanaoliona kuwa usumbufu usio na maana, lakini sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Chukueni neno «watakata». Linaweza kuwa wa-ta-kata, watu watakaokata kitu kesho, na linaweza kuwa watu wanaotakata, wanaokuwa safi leo. Herufi ni zilezile, na msomaji huamua kwa muktadha. BitBake haina muktadha. Ilipoona kistari cha chini ndani ya jina lenye vistari vitatu, haikuwa na njia ya hakika ya kujua mzizi unaishia wapi na kiambishi kinaanzia wapi, ikalazimika kujaribu na kukisia. Nukta pacha imekata ubishi.

Mradi umetoa hati iitwayo convert-overrides.py, nayo ilibadilisha tabaka letu kwa dakika chache. Naomba niwatahadharishe hapo. Ukisahau kubadilisha kiambishi cha kuongeza au kuondoa, BitBake mpya husimama na kukueleza wazi kwamba umetumia sarufi ya zamani. Lakini kiambishi kikiwa ni jina la ubao wenu, hati hiyo hailijui hadi mlitaje, na BitBake nayo hailalamiki: hukihesabu kuwa kigeu kipya tu chenye jina refu ambacho hakuna anayekisoma. Hilo lilitupata kwenye kigeu kinachoeleza mlango wa konsoli. Imeji ilijengeka bila onyo hata moja, kifaa kikawaka, na skrini ikabaki kimya. Siku mbili tulidhani kerneli imekufa. Kwa hiyo iendesheni hati hiyo katika badiliko la peke yake lisilochanganywa na kitu kingine, kisha mmoja wenu asome kila mstari uliobadilika, na mwingine atafute kwa mkono jina la ubao wenu katika tabaka zima.

Majina ya vigeu yaliyobadilishwa katika Kirkstone, pamoja na majina ya leseni yaliyofuata SPDX, utaratibu wa pamoja wa kuorodhesha programu na leseni zake, ambapo GPLv2 inaandikwa GPL-2.0-only, yana hati zake za kubadilishia pia, na hayakutuchukua hata siku moja. Sitayarudia hapa.

Nataka nikae zaidi kwenye badiliko lingine la Kirkstone ambalo husemwa kidogo kuliko linavyostahili. Kuanzia toleo hilo, kazi zote za resipi isipokuwa ile ya kuchukua msimbo huendeshwa bila mtandao. Resipi inayojaribu kufikia intaneti wakati wa kukompaili hukuta hakuna njia. Tulipojenga mara ya kwanza, programu yetu kuu, ile inayotuma vipimo, iliangukia hapo. Imeandikwa kwa Python, na miaka minne nyuma mmoja wetu, na nakiri kwamba ni mimi, alikuwa amechoka kuandika resipi kwa kila maktaba, akaweka amri ya pip, chombo cha kupakulia maktaba za Python, katikati ya resipi ili ichukue maktaba zote kutoka kwenye intaneti wakati huohuo.

Ipo njia ya kuifungua. Unaongeza mstari mmoja unaosema kazi hii iruhusiwe mtandao, na kila kitu kinaendelea kama zamani. Mstari huo niliuandika, na imeji ikajengeka, na jioni ile nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha. Asubuhi mwenzangu alifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa zamani: alifungua imeji mbili za Dunfell tulizozitoa katika mwezi mmoja, zikiwa na namba moja ya toleo na msimbo wetu uleule, akalinganisha maktaba zilizomo. Zilikuwa tofauti. Maktaba moja ilikuwa imepanda toleo kati ya imeji hizo mbili, kwa hiyo vifaa viwili vilivyofungwa katika vijiji jirani, ambavyo karatasi zetu zilisema ni sawa, havikuwa sawa. Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini hitilafu moja ya kukatika kwa mawasiliano ilionekana kwenye baadhi ya vifaa tu, na ni kwa nini hatukuwahi kuirudia ofisini. Nilikuwa nimewalaumu mafundi waliofunga antena.

Tuliuondoa ule mstari. Tuliandika resipi kwa kila maktaba ya Python, nyingi zikiwa tayari zimo katika tabaka la meta-python, na chache tulizokuwa hatunazo tukazitengeneza kwa kutumia devtool, chombo cha Yocto cha kuandalia resipi. Kazi hiyo ilituchukua siku tisa. Nasema bila kusita kwamba hizo ndizo siku tisa zenye thamani kubwa kuliko zote katika uhamisho huu, kwa sababu kabla yake tulikuwa hatujui tunasambaza nini.

Viraka navyo vilikuwa na habari zake. Desturi ya Yocto ni kwamba kila kiraka kiwe na mstari uitwao Upstream-Status, unaoeleza kama badiliko hilo limepelekwa kwa mwandishi wa programu, limetoka kwake, au halimhusu. Vya kwetu havikuwa na mstari huo. Tulivipitia kimoja kimoja tukiulizana nani alikiweka na kwa sababu gani. Zaidi ya nusu vilikuwa marekebisho ambayo matoleo mapya ya programu hizo yameshayabeba, tukavifuta. Vingine vilikuwa vya kweli, na viwili tulivipeleka kwa wenye programu vikakubaliwa, maana yake hatutavibeba tena katika uhamisho ujao. Vichache hakuna aliyekumbuka vilikuwa vya nini. Hivyo tuliviondoa kimoja baada ya kingine, kwa hofu, tukipima kila mara.

Kompaila ilipanda kutoka GCC 9 katika Dunfell hadi GCC 11 katika Kirkstone na GCC 13 katika Scarthgap. Tangu GCC 10 huwezi tena kutangaza kigeu kimoja cha jumla katika faili nyingi za C na kutumaini kwamba kiunganishi kitaviunganisha kimyakimya. Msimbo wetu ulifanya hivyo mahali pengi, na kila mahali palikuwa kosa letu. GCC 13 nayo hutaka faili za C++ zitaje waziwazi vichwa, yaani faili za matamko, zinavyovihitaji. Ni marekebisho madogo.

Kerneli ilihitaji subira. Dunfell ilikuja na 5.4, Kirkstone na 5.15, Scarthgap na 6.6. Prosesa yetu ni ya siku nyingi na kerneli ya asili inaitambua vizuri, kwa hiyo tuliamua kuachana na kerneli ya mtengenezaji wa ubao, ambaye tabaka lake lilikuwa limesimama palepale lilipokuwa tulipolinunua. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa na gharama ya kuandika upya faili ya maelezo ya ubao, na tukakutana na jambo ambalo lilitupotezea saa kadhaa: tangu kerneli 6.5, faili hizo kwa prosesa za ARM za biti 32 zimehamishiwa katika saraka za watengenezaji, hivyo jina lililokuwa likitosha zamani katika kigeu cha KERNEL_DEVICETREE sasa linahitaji kutanguliwa na njia ya saraka. Kwa wanaokaribia kununua ubao, naomba muulize swali moja kabla ya kuuliza bei: tabaka la ubao huu limeshahamishiwa matoleo mangapi ya Yocto tangu litoke? Na mkikuta faili ya tabaka imetaja jina la toleo jipya kwenye LAYERSERIES_COMPAT, mstari unaosema tabaka linakubaliana na matoleo gani, msiridhike na hilo peke yake. Kuongeza neno moja kwenye mstari ule ni rahisi, na sisi wenyewe tulikuwa tumeshafanya hivyo ili onyo liondoke.

Imeji ikajengeka, kifaa kikawaka. Wengi hudhani kazi imeisha hapo. Kwetu palibaki mambo mawili mazito.

La kwanza ni OpenSSL 3, iliyoingia na Kirkstone. Katika mpangilio wake wa kawaida haikubali tena matoleo ya 1.0 na 1.1 ya TLS, itifaki ya kulinda mawasiliano, na algoriti kadhaa za zamani zimewekwa kando. Ofisini vifaa vyote viliongea na seva yetu bila shida. Tulipopeleka vifaa vya majaribio kwa mteja mmoja mwenye seva yake mwenyewe, vilinyamaza. Seva ile ilikuwa ya zamani na haikujua TLS 1.2. Ilikuwepo njia ya kuishusha OpenSSL ngazi ya usalama ili ikubali, na mteja alituomba tufanye hivyo. Tulikataa kwa heshima, tukatuma fundi wetu akamsaidia kuipandisha seva yake. Ilichukua wiki mbili zaidi na mteja hakufurahi mwanzoni, lakini haikuwa halali kwetu kuhama miaka minne mbele kwa ajili ya usalama kisha kuurudisha nyuma mlangoni.

La pili ni saa. Kwenye prosesa za biti 32, Linux kwa miaka mingi ilihesabu muda kama sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika namba ya biti 32, ambayo inaishia 2,147,483,647. Hesabu hiyo itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na kifaa kitakachokuwa hakijarekebishwa kitajiona kiko Desemba 1901. Pampu za maji hukaa muda mrefu, na visanduku vyetu tunataraji vikae nazo. Maktaba ya C iitwayo glibc ilianza kuwezesha muda wa biti 64 kwenye prosesa hizi katika toleo la 2.34, na Scarthgap hukompaili karibu kila kitu kwa namna hiyo bila kuombwa. Ni zawadi kubwa. Sharti lake ni kwamba programu zote zinazopeana muda ziwe zimekompailiwa kwa namna moja.

Sisi tulikuwa na maktaba moja ya kusomea mita, tuliyopewa na muuzaji ikiwa imeshakompailiwa, bila msimbo wake. Ilikuwa ya enzi za biti 32. Programu yetu iliipa maktaba hiyo nafasi ya muda yenye upana mpya, maktaba ikaandika kwa upana wa zamani, na vipimo vikaanza kuja na tarehe zisizokuwepo kwenye kalenda. Yocto ilikuwa imetuonya kwa ukaguzi wake uitwao 32bit-time, na onyo hilo tulikuwa tumelinyamazisha kwa INSANE_SKIP, kigeu cha kuruka ukaguzi, wiki iliyotangulia kwa sababu tulikuwa na haraka. Tulimwandikia muuzaji tukiomba maktaba mpya, na hatukujibiwa. Mwishowe tuliitupa, tukaandika upya usomaji wa mita kwa itifaki ya Modbus, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Leo tabaka letu halina faili hata moja iliyokompailiwa na mtu mwingine, na katika mkataba wowote wa kununua vifaa tunaandika kwamba msimbo uje pamoja.

Kuhusu kupeleka imeji mpya kwenye vifaa vilivyoko vijijini, kisanduku chetu kina sehemu mbili za mfumo kwenye kumbukumbu: moja inatumika, nyingine inasubiri. Imeji mpya huandikwa kwenye ile inayosubiri, kifaa huwashwa upya, na kikishindwa kuwasiliana na seva ndani ya muda uliowekwa hurudi chenyewe kwenye ya zamani. Tulianza na vifaa vitatu vilivyo karibu na ofisi, tukakaa wiki mbili tukivitazama, kisha kumi, kisha vilivyobaki kwa mafungu, usiku, wakati pampu zimezimwa. Viwili vilirudi kwenye Dunfell vyenyewe, na vyote viwili kwa sababu ya mtandao dhaifu wa simu. Hakuna kijiji kilichokosa maji kwa sababu yetu, na kwangu hicho ndicho kipimo.

Sasa kila Jumatatu kompyuta yetu hujenga imeji mbili: moja kwa Scarthgap pamoja na marekebisho yake madogo ya karibuni, na nyingine kwa tawi kuu la Yocto ambalo bado halijawa toleo. Ile ya pili huvunjika mara kwa mara, na tunaposoma kosa tunajua ni badiliko la wiki hii. Hivyo ndivyo tulivyojua mapema kwamba tangu toleo la 5.1, lililofuata Scarthgap, resipi haziruhusiwi tena kutumia saraka ya WORKDIR, yaani saraka ya kazi ya resipi, yenyewe kama mahali pa msimbo, tukazirekebisha zetu tano kwa mchana mmoja. Ujenzi huohuo hutupatia orodha ya SPDX ya kila programu iliyomo pamoja na ripoti ya udhaifu uliotangazwa, na mmoja wetu hukaa na ripoti hiyo asubuhi nzima akiandika kwa kila mstari kama unatuhusu au hautuhusu na kwa nini.

Vimebaki visanduku vinane ambavyo viko bado kwenye Dunfell. Ni vya kundi la kwanza kabisa tulilolitengeneza, na sehemu zake za kumbukumbu tulizipima kwa ukubwa wa imeji ya siku ile bila kuacha nafasi ya ziada, kwa hiyo imeji ya Scarthgap haiingii. Hatuwezi kuvigawa upya kutoka mbali bila hatari ya kuvipoteza. Tumeshakubaliana na wenye pampu, na mwezi ujao fundi atavifuata kimoja kimoja kwa pikipiki akiwa na kadi za kumbukumbu zilizoandaliwa, na mimi nitakwenda naye kwa vile vinne vya mwanzo.

Ahsanteni sana. Niko tayari kwa maswali yenu.